Samaki Aliyechorwa Mchangani: Riwaya za Imani ya Kale na za Upelelezi

Katika riwaya iitwayo Quo Vadis yumo afisa mmoja kijana wa jeshi la Roma, jina lake Marcus Vinicius, aliyerejea mjini kutoka vitani upande wa mashariki. Ni mtu aliyezoea kuamuru na kutiiwa. Akiwa mgeni nyumbani kwa jemadari mmoja mzee, anamwona binti aitwaye Ligia, na siku moja wakiwa bustanini anamfunulia moyo wake kwa maneno mengi matamu. Binti hajibu neno. Anainama, anachora kitu mchangani kwa utete, kisha anakwenda zake mbio. Kitu chenyewe ni samaki. Afisa anabaki ameduwaa, maana katika mafunzo yake yote ya vita na ya mahaba hajapata kufundishwa kwamba samaki ni jibu.

Msomaji naye anaduwaa pamoja naye, na hapo ndipo kitabu kinapomshika. Wengi hudhani kwamba riwaya za Wakristo wa kwanza ni mahubiri yaliyovikwa nguo za hadithi, na kwamba riwaya za upelelezi ni burudani ya kusubiria zamu iishe. Katika nyumba nyingi vitabu hivyo hata havikai pamoja: cha kwanza huwekwa juu ya kabati karibu na Biblia, cha pili husukumwa chini ya mto. Lakini anayevisoma vyote viwili kwa makini ataona kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Katika vyote mna jambo lililofichika, mna watu waliokuwapo likitendeka, na mna mtu mmoja anayelazimika kuwauliza waliokuwapo, akapima nani asema kweli.

Mwandishi wa Quo Vadis, Henryk Sienkiewicz, alikuwa mtu wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1846. Riwaya yake ilianza kutolewa magazetini kidogo kidogo mwaka 1895, na mwaka 1896 ikawa kitabu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Yafaa kukumbuka kwamba wakati huo nchi yake haikuwamo katika ramani ya dunia, kwa kuwa Urusi, Ujerumani na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake. Watu wa Poland waliposoma habari za kundi dogo la wanyonge linalosagwa na dola kubwa, hawakuhitaji kufafanuliwa. Na Ligia mwenyewe ni mateka, binti wa mfalme wa kabila la mbali ambalo mwandishi alilitoa katika nchi zilizokuja kuwa Poland.

Ligia anapotoroka na kutoweka mjini, Vinicius anamtafuta kwa njia za kijeshi: anaweka watumwa kwenye malango ya mji na kupekua kila kona. Hapati kitu. Ndipo anapoletewa Mgiriki mmoja mchakavu, mjanja wa maneno, mwenye tamaa ya fedha, aitwaye Chilo. Huyu Chilo ni mpelelezi wa kukodiwa hasa, ijapokuwa kisa chake kimewekwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane kabla ya Sherlock Holmes. Swali lake la kwanza ni je, binti yule alikuwa na mila gani, na aliacha alama gani. Anapoambiwa habari za samaki anaelewa kwamba ameshika mwisho wa uzi. Anazunguka sokoni, hekaluni na kwenye visima, akichora samaki hapa na pale na kutazama nyuso za watu, mpaka anampata mzee mmoja mtumwa ambaye uso wake unabadilika.

Maana ya alama hiyo ni hii. Neno la Kigiriki la samaki lina herufi tano, na kila herufi huanza neno moja katika maneno haya: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Mtu aliyechora samaki alikuwa ameikiri imani yake yote bila kufungua kinywa. Alama hiyo imeonekana katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma. Ushahidi wake ulio wazi ni wa miaka ya baadaye kidogo kuliko siku za Kaisari Nero, hivyo huenda Sienkiewicz aliitanguliza; lakini mtunga riwaya si karani wa kumbukumbu, na jambo hili dogo halikumharibia kazi.

KESI ISIYOFUNGWA

Nyuma ya riwaya hiyo lipo tukio la kweli, na tukio lenyewe ni kesi ambayo mpelelezi yeyote angetamani kuishika. Mnamo mwezi wa Julai mwaka 64, moto ulianza katika maduka yaliyopakana na uwanja mkubwa wa mashindano ya farasi mjini Roma. Uliwaka siku sita, ukapungua, ukazuka tena. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, aliyeandika yapata miaka hamsini baadaye, asema kwamba katika mitaa kumi na minne ya mji, minne tu ndiyo iliyosalimika. Mitatu iliteketea kabisa na saba ikabaki magofu. Asema pia kwamba moto ulipoanza Nero hakuwamo mjini, bali alikuwa Antium pwani, na kwamba haikujulikana kwa yakini kama ulikuwa ajali ama hila ya Kaisari mwenyewe.

Uvumi ukaenea kwamba mwenye mji ndiye aliyeuchoma. Sadaka hazikuuzima, wala misaada kwa waliounguliwa haikuuzima. Kwa maelezo ya Tacitus, Nero akatafuta watu wa kubebeshwa lawama, akawapata Wakristo. Kwanza walikamatwa waliokiri. Kisha, kwa habari zilizotolewa na hao, wakakamatwa wengi. Wengine walivishwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wengine wakasulubiwa, wengine wakachomwa moto usiku wawe taa za bustani. Tacitus hakuwapenda Wakristo hata kidogo. Aliiona dini yao kuwa ushirikina wenye madhara. Hata hivyo aliandika kwamba watu wa Roma waliingiwa na huruma, kwa kuwa waliona wazi kuwa wale hawafi kwa faida ya umma bali kwa ukali wa mtu mmoja. Ushahidi wa mtu asiyekupenda una uzito wake, na kila askari wa upelelezi hulijua jambo hilo. Wanahistoria wa leo wangali wanabishana juu ya mengi katika maelezo hayo, na kesi ya moto wa Roma haijafungwa mpaka sasa.

Sienkiewicz alimtia Chilo katikati ya jambo hilo. Mpelelezi huyu, baada ya kusamehewa na Wakristo ambao aliwahi kuwatenda mabaya makubwa, anawageuka na kuwauza kwa Kaisari. Anakuwa tajiri, anavaa vizuri, anakaa karibu na kiti cha enzi. Kisha usiku wa zile taa za bustani anakutana uso kwa uso na mganga Glaucus, ambaye zamani alimsaliti akamtenganisha na mkewe na watoto. Glaucus yuko juu ya nguzo, moto umekwisha mfikia. Chilo anamwomba msamaha, na Glaucus, kwa pumzi ya mwisho, anamsamehe. Hapo yule mwoga wa miaka yote anageuka mbele ya umati, anamwonyesha Nero kwa kidole na kupaza sauti kwamba mchomaji wa mji ni yule pale. Anajua atakatwa ulimi, na kweli anakatwa. Anakufa uwanjani.

Lugha ya Kiswahili inalo neno linalomweleza Chilo kuliko maelezo marefu. Neno hilo ni shahidi. Mtu anayesimama mahakamani kusema aliyoyaona ni shahidi. Na mtu anayeuawa kwa kukataa kuyakana aliyoyaamini ni shahidi vilevile. Watu wa Uganda wanaposema Mashahidi wa Uganda, waliouawa Namugongo na kwingineko katika miaka ya 1885 hadi 1887, hutumia neno lile lile ambalo karani wa mahakama hulitumia anapoita jina mlangoni. Kigiriki cha kale nacho kilikuwa hivyo hivyo. Chilo aliishi kwa kuuza habari za wengine. Alipotoa ushahidi wa kwanza wa kweli maishani mwake, akawa shahidi kwa maana zote mbili kwa siku moja.

KIGAE KILICHOANGUKA

Mwandishi mwingine wa habari hizi alikuwa mwanajeshi mwenyewe. Lew Wallace alikuwa jenerali upande wa Serikali ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mwaka 1865 aliketi katika baraza la kijeshi lililowahukumu walioshtakiwa kwa njama ya kumuua Rais Abraham Lincoln. Alisimulia baadaye kwamba mwaka 1876 alikutana katika gari la moshi na Robert Ingersoll, mpinzani mashuhuri wa dini, wakazungumza usiku kucha. Jenerali alishuka akiwa ameona haya, si kwa kushindwa hoja, bali kwa kugundua kwamba katika jambo lile hakuwa na ujuzi wowote wa kumwezesha kukubali wala kukataa. Akaanza kuchunguza. Matokeo yake yakawa Ben-Hur, riwaya iliyotoka mwaka 1880, ambayo sehemu yake aliiandika akiwa gavana wa jimbo la New Mexico. Palestina hakuwa amefika. Aliijenga kwa ramani na vitabu.

Kisa cha Ben-Hur chaanzia kwenye kigae. Kijana Myahudi anaegemea ukingo wa dari ya nyumba yao Yerusalemu atazame gavana mpya wa Kirumi akipita; kigae kinabanduka na kumwangukia gavana kichwani. Rafiki yake wa utotoni, Messala, anamtaja kuwa ndiye. Hakuna anayeuliza kigae kilikuwa kimelegea au kilirushwa. Hakuna kesi. Kijana anapelekwa kuvuta makasia maisha, mama na dada yake wanatiwa gerezani ambako wanapata ukoma, na nyumba inatwaliwa. Kuchunguza kigae kile kungalichukua robo saa, na mtu aliyewahi kuketi kitini pa hukumu ndiye aliyeuandika ukurasa huo.

Lloyd C. Douglas, mchungaji wa Marekani, alikwenda mbali zaidi katika The Robe, riwaya ya mwaka 1942 ambayo mwaka 1953 ilifanywa filamu. Katika Injili ya Yohana imeandikwa kwamba askari waliomsulubisha Yesu waliipigia kura kanzu yake, kwa kuwa haikuwa na mshono. Douglas alijiuliza: je, aliyeishinda kanzu ile alikwenda nayo wapi? Akambuni Marcellus, afisa kijana aliyepewa amri ya kuisimamia hukumu ile, akaitimiza, akaipata kanzu kwa mchezo wa dadu, na tangu siku hiyo akakosa amani.

Sehemu iliyo bora ya kitabu hicho haina upanga wala farasi. Marcellus anarudi Palestina, anavua sare, anajifanya mfanyabiashara wa nguo zilizofumwa kwa mkono, na kutembea kijiji hata kijiji cha Galilaya akinunua vitambaa na kuuliza maswali. Anamkuta mtoto ambaye mguu wake uliponywa. Anamkuta msichana Miriam, ambaye miguu yake haikuponywa, angali amelala kitandani, na bado asema alipewa kitu kikubwa kuliko miguu. Mpelelezi mbovu angemwacha Miriam nje ya taarifa yake kwa kuwa anaharibu hesabu. Marcellus anamsikiliza, naye ndiye anayemsumbua kuliko wote. Askari huyu anachunguza jambo alilolitenda yeye mwenyewe kwa amri halali. Mtuhumiwa na mpelelezi ni mtu mmoja. Hatimaye anayakiri aliyoyapata mbele ya Kaisari Caligula, naye analipa kwa maisha yake.

PADRI NA BWANA MSA

Upande wa pili wa undugu huu nao hauna uhaba wa dini. G. K. Chesterton, Mwingereza, alimtunga mpelelezi ambaye ni padri mfupi, mnene, mwenye mwavuli wa kupotea ovyo, aitwaye Father Brown. Kitabu cha kwanza cha visa vyake kilitoka mwaka 1911. Chesterton alieleza chanzo chake. Alikuwa na rafiki padri, John O'Connor, na siku moja katika mazungumzo akashangaa jinsi padri yule alivyoyajua maovu ya dunia kuliko yeye. Jioni hiyo hiyo akawasikia vijana wawili wasomi wakimsikitikia padri kwamba hukaa amejifungia, hajui dunia ilivyo. Chesterton alikaribia kucheka mbele yao. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza maungamo, angewezaje kuwa mgeni wa dhambi? Katika kisa cha kwanza kabisa, mwizi mkubwa Flambeau anajivika mavazi ya upadri, lakini Father Brown anamtambua kwa kuwa aliishambulia akili, jambo ambalo padri wa kweli hawezi kulifanya. Flambeau baadaye anaacha wizi na kuwa mpelelezi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jina la kwanza katika kazi hii ni Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, kikafuatwa na vingine, kama Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Katika kile cha kwanza maiti yaonekana penye mzimu, mahali pa matambiko ya wahenga, na hofu ya mzimu yatosha kuwafunga watu midomo. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauliza polepole swali moja baada ya jingine mpaka mkono wa binadamu unaonekana. Hamdhihaki mtu kwa imani yake. Anakataa tu kwamba mzimu ubebeshwe kosa la mtu.

LUTENI TRENCH

Hayo ni ya vitabuni. Lakini Arthur Conan Doyle, mtungaji wa Sherlock Holmes, alipata kushughulika na kesi ya kweli ambamo mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wote alikuwa polisi wa kawaida.

Usiku wa tarehe 21 Desemba 1908, mjini Glasgow, Uskoti, bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, Marion Gilchrist, aliuawa kwa kupigwa nyumbani kwake. Mtumishi wake alikuwa ametoka kwa dakika chache kununua gazeti. Aliporudi, mtu mmoja alipita mbele yake na mbele ya jirani, akatoka taratibu kisha akashuka ngazi mbio. Pambo la kifuani la almasi lilikosekana. Polisi wakasikia kwamba Mjerumani mmoja Myahudi, Oscar Slater, anauza risiti ya rehani ya pambo la namna hiyo, naye amepanda meli kwenda Marekani. Pambo la Slater lilidhihirika kuwa jingine kabisa, lililowekwa rehani majuma kadhaa kabla ya mauaji. Uzi huo ukawa umekatika. Hata hivyo waliendelea kuuvuta. Slater, aliyekubali kwa hiari yake kurudi kujibu mashtaka, alihukumiwa kunyongwa mwezi wa Mei mwaka 1909. Katika wazee kumi na watano wa baraza, tisa tu ndio waliomwona ana hatia. Siku mbili kabla ya kunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Conan Doyle alichapisha kijitabu cha kumtetea mwaka 1912, na hakikusikilizwa. Mwaka 1914 akatokea John Thomson Trench, luteni wa upelelezi katika polisi ya Glasgow, mtu mwenye medali ya utumishi. Trench alisema kwamba usiku ule ule wa mauaji mtumishi alikuwa amemtaja mtu mwingine, na jambo hilo halikufikishwa mahakamani. Alijua kanuni za kazi yake. Alimpa mwanasheria habari hizo, uchunguzi ukafanywa faraghani, na uchunguzi ukaona hukumu ya Slater haina kasoro. Trench akafukuzwa kazi, akapoteza pensheni. Mwaka uliofuata yeye na mwanasheria yule walishtakiwa kwa jambo jingine, habari za mali ya wizi, na jaji akaliagiza baraza liwaachilie. Akaingia jeshini katika kikosi cha Royal Scots Fusiliers wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Slater alikaa gerezani Peterhead, akivunja mawe, zaidi ya miaka kumi na minane. Mwaka 1925 mfungwa mmoja aliyemaliza kifungo alitoka na kikaratasi alichokificha kinywani, ujumbe wa Slater kwa Conan Doyle, na juhudi zikaanza upya. Aliachiliwa mwezi wa Novemba mwaka 1927. Mwaka 1928 mahakama ya rufani iliifuta hukumu kwa sababu jaji wa kwanza aliliongoza baraza vibaya, na Slater akalipwa paundi 6,000. Conan Doyle akamtaka alipe gharama za rufani katika fedha hizo, Slater akakataa, na watu hao wawili wakaachana kwa uchungu. Slater alifariki mwaka 1948.

Trench hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1919, na hakuwa amerudishwa kazini.